Mambo 101 kwa siku 1001: jinsi ya kuandika orodha ndefu ya malengo na kuipa tarehe inayowezekana

Agosti 2021 chuo kilikuwa kimefungwa, wateja hakuna, nikaamua kufuta vumbi kwenye rafu za duka langu la steshenari hapa Ng'ong'ona, Dodoma, jirani na chuo. Nyuma ya boksi la rimu nikakuta daftari langu la Januari ya mwaka ule. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu: MALENGO YANGU, 1 JANUARI HADI 31 DESEMBA. Yalikuwa 64. Nikayahesabu yaliyotimia, yakawa matano, na mojawapo lilikuwa "kununua stepla kubwa ya dukani", ambalo tukisema ukweli ni manunuzi tu.

Nilikaa kwenye stuli nikayasoma yote. Nilitegemea kuona uvivu wangu pale, nikaona kitu kingine. Malengo mengi hayakuwa na ubaya wowote, ila yote 64 niliyapa siku moja ya mwisho, kana kwamba kila kitu duniani kinaiva Desemba. "Kulima ekari ya alizeti" nililiandika Januari, wakati wenzangu walikuwa wameshapanda. Safari ya Mwanza niliipangia Mei, mwezi ambao wanafunzi wanapiga foleni mpaka nje ya mlango kuchapa na kufunga tafiti zao. Nani angebaki dukani?

Mwaka uliofuata nikajaribu mtindo ambao watu wa nchi nyingi wameutumia: mambo 101 kwa siku 1001. Nilianza Ijumaa tarehe 1 Julai 2022, nikafunga daftari Ijumaa tarehe 28 Machi 2025. Yalitimia 74. Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyoyafanya, pamoja na niliyotakiwa kuyafanya mapema zaidi.

Utakachohitaji ni kaunta buku ya kwaya mbili, kalamu za rangi mbili, na kalenda yenye nafasi ya kuandika. Simu inafaa pia, lakini malengo yaliyoko kwenye simu yanakaa jirani na WhatsApp, na huyo ni jirani mwenye makelele.

Hatua ya kwanza: chagua kipindi kabla ya kuandika lengo lolote

Watu wengi wanaandika kwanza, tarehe wanabandika baadaye. Geuza. Ukijua kipindi, utajua nini kinaingia humo.

Mwaka mmoja ni mfupi kwa orodha ndefu. Ukiugua mwezi mmoja na kuuguliwa mwezi mwingine, umebaki na miezi kumi, na miwili kati ya hiyo ni ya misiba na harusi. Miaka mitano nayo ni mirefu. Mipango ya maendeleo ya miaka mitano ni ya serikali, ina wizara nzima ya kuifuatilia. Wewe una daftari.

Siku 1001 ni wiki 143 kamili, yaani miaka miwili na miezi tisa kasoro siku chache. Ukianza Ijumaa utamaliza Alhamisi, na Ijumaa unafunga daftari. Halafu 143 inagawanyika vizuri: ni vipande 11 vya wiki 13 kila kimoja. Mimi kila kipande nakiita robo, kwa sababu ni kama robo ya mwaka. Mambo 101 kwa robo 11 ni mambo tisa kila robo, yanabaki mawili ya nyongeza. Jambo moja kila siku kumi. Hapo orodha inaacha kutisha.

Kwa sisi wa Dodoma kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mvua yetu ni moja kwa mwaka, inaanza Desemba au mwishoni mwa Novemba, inakatika Aprili. Watu wa pwani wana vuli na masika. Huku ukiikosa, umeikosa mpaka mwakani. Siku 1001 zikianza Julai zinakupa mvua tatu. Ya kwanza unakosea, ya pili unarekebisha, ya tatu unalima kama mtu anayejua anachofanya. Hata kama hulimi kabisa, vitu vingi vya maisha yako vinakuja mara moja kwa mwaka kama mvua, na utaviona tukifika hatua ya nne.

Usianze tarehe 1 Januari. Januari ina ada, sare, madaftari (ninayauza, kwa hiyo nakijua kilio chake), na wengine kodi ya nyumba ya miezi sita inawadai wiki hiyohiyo. Mtu anayeandika malengo katika hali hiyo anaandika hofu zake. Mimi nilichagua Julai kwa sababu chuo kinafungwa, mavuno yameingia, mwaka mpya wa serikali umeanza, na Bunge la bajeti limeshamalizika kwa hiyo hata watumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wanaanza kupumua. Kazi yako ikiwa na mwezi wake wa utulivu, anzia huo.

Hatua ya pili: jaza mpaka 101, usichuje

Utaandika kwa kasi mpaka kama 35, halafu utakwama. Kila mtu anakwama hapo, kwa sababu 35 za mwanzo ni zile ambazo jamii imeshakuandikia: nyumba, gari, kiwanja, shahada, kupungua tumbo. Zako wewe zinaanzia 40 hivi.

Ukikwama, zunguka nyumba chumba kwa chumba ukiwa na daftari. Jikoni kwangu palitoa saba, ukiwemo mlango wa kabati uliokuwa unafungwa kwa kamba tangu nihamie. Kisha pitia majina yaliyoko kwenye simu yako, moja baada ya jingine, ukijiuliza ni nani unamdai, nani anakudai, na nani hujamwona tangu mazishi ya mwisho. Mimi nilipata 14 hapo, na sita kati yake yalikuwa madeni. Madogo, lakini ndiyo yanayomfanya mtu avuke barabara akimwona mwenzake.

Halafu fikiria mgeni akija kwako kutoka mbali, ungempeleka wapi. Sasa jiulize kama wewe mwenyewe umeshafika. Nimeishi Dodoma miaka mingi na nilikuwa sijawahi kupanda hata kimoja cha vilima vya mawe vinavyouzunguka mji. Sikuwahi kuingia bungeni kama mgeni, nikae juu nisikilize maswali na majibu ya asubuhi. Sikuwahi kwenda Kolo, huko Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Watu wanapanda ndege kuja kuiona. Mimi niko kama kilometa 180 tu kutoka hapo.

Andika yote. Ya kuchekesha, ya aibu, ya gharama. Nilijipa siku tisa kujaza, na siku ya nane ndiyo iliyotoa mazuri.

Kisha laza daftari siku mbili, lifungue, na kwa kalamu ya pili weka alama kwenye kila lengo ambalo ukilitaja unasikia sauti ya mtu mwingine. Mimi lilikuwa gari. Nilipolisoma nilimsikia shemeji yangu: "Wewe mfanyabiashara gani unapanda bodaboda?" Nikalifuta, nikaandika badala yake "kununua mashine ya kufunga vitabu kwa ringi", ambayo inaniingizia hela na haiombi mafuta. Kiwanja nilikiacha, ingawa nacho kina sauti nyingi. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, sidhani kama kuna mtu mzima Dodoma ambaye hajaulizwa kiwanja chake kiko wapi.

Hatua ya tatu: liandike hivi kwamba mtu mwingine aweze kulikagua

Kipimo ni rahisi. Mpe daftari binti anayekusaidia dukani, au mdogo wako, au jirani. Akisoma lengo, anaweza kusema mwenyewe "hili limefanyika" au "halijafanyika" bila kukuuliza? Kama hawezi, liandike upya.

"Kuweka akiba" hakikaguliki. "Kuweka 5,000 kila Jumatatu kwa wiki 143" kinakagulika, na hesabu yake unaijua siku ya kwanza: 715,000. "Kuwa karibu na familia" kikawa "kumpigia mama kila Jumapili, na kulala kwake Mpwapwa usiku mbili kila robo". "Kupunguza uzito" kikawa "kutembea nusu saa mara nne kwa wiki, kwa wiki 13". Kilo zenyewe sikuziandika, kwa sababu kilo haziko mikononi mwangu na kutembea kuko.

Onyo dogo kuhusu malengo ya kila wiki au kila siku: usiweke zaidi ya matano. Kila moja ni kazi 143 zilizojificha ndani ya mstari mmoja.

Hatua ya nne: hesabu nafasi

Ukisahau yote mengine, shika hii. Mtu akisikia siku 1001 anaona muda mwingi. Lakini malengo hayatumii siku, yanatumia nafasi. Lengo lenye nafasi tatu ndani ya siku 1001 lina nafasi tatu tu, hizo siku nyingine zote hazilisaidii kitu.

Chukua daftari, pembeni ya kila lengo andika namba ndani ya duara: ni mara ngapi jambo hili litawezekana kabla ya siku ya mwisho? Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

Kulima ekari ya alizeti: 2
Kwenda maonyesho ya Nanenane, Nzuguni: 3
Kupika jemu ya zabibu za hapahapa: 6
Binti wa dukani arudie mtihani wa kidato cha nne: 2
Kula nyama ya mnada wa Msalato, Jumamosi: 143
Kwenda Dar na mama kwa treni ya umeme: ?

Alizeti ina mbili, ingawa mvua ni tatu, kwa sababu ya mvua ya tatu ingevunwa daftari likiwa limeshafungwa. Zabibu zina sita kwa sababu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mtihani ulikuwa na mbili, ingawa Novemba zilikuwa tatu, kwa sababu usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufungwa miezi mingi kabla. Julai 2022 tulikuwa tumeshaikosa Novemba ya mwaka huo. Tungehesabu siku, tungesema tuna muda. Tulipohesabu nafasi, binti akasema, "Kumbe dada, tuna mbili tu," na Januari iliyofuata alikuwa wa kwanza kuniomba ruhusa ya kwenda kuulizia fomu. Alifanya 2023.

Kwa lengo lenye nafasi chache, namba kwenye duara haitoshi. Shika siku ya nafasi yenyewe, kisha rudi nyuma kwa vidole. Alizeti: kuvuna ni Mei au Juni. Kabla yake palizi. Kabla yake kupanda, mvua za kwanza za kueleweka, Desemba. Kabla yake mbegu, Novemba, maana mvua ikishanyesha kila mtu yuko kwenye duka la pembejeo. Kabla yake shamba la kukodi na kulisafisha, Septemba na Oktoba. Kwa hiyo tarehe halisi ya lengo langu la alizeti, ile ambayo nikiivuka lengo limekufa kwa mwaka huo, ilikuwa mwisho wa Oktoba. Siyo Mei. Hiyo ndiyo iandikwe kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu.

Nayajua haya kwa sababu mvua ya kwanza niliikosea. Nilikodi shamba upande wa Chamwino siku chache kabla ya Krismasi, nikapanda katikati ya Januari, na Februari jua likawaka kama linavyopenda kufanya mwezi huo, wiki nzima baada ya wiki, bila tone. Nilivuna gunia moja na debe mbili. Mzee wa shamba la jirani aliniangalia nikipakia kwenye guta, akaniambia, "Mama, mwakani uje na mvua, usije baada yake." Mwaka uliofuata shamba nilikuwa nalo Septemba, mbegu Novemba, na mvua za El Niño zikanikuta niko tayari. Gunia sita.

Lakini nafasi zinajificha, na hili nilifundishwa na mama. Namba 12 kwenye orodha yangu ilikuwa "kujifunza kwa mama kukausha mlenda". Niliona ni jambo dogo, la siku mbili, halina gharama, nikalipanga robo ya kwanza. Julai hiyohiyo nikampigia kumwambia nakuja wikiendi anifundishe.

Akanyamaza kidogo. "Mlenda wa Julai, mwanangu?"

"Ndiyo mama. Dukani kumetulia sasa hivi."

"Majani utayachuma wapi? Kwenye rafu zako?"

Majani ya mlenda yanaota na mvua. Nimeula tangu sijaota meno na sikuwahi kujiuliza unaanza wapi. Nikachukua kalamu, nikafuta "siku yoyote", nikaandika 3. Na miezi hiyo mitatu ya majani, Januari, Februari, Machi, ndiyo miezi ambayo wanafunzi wamejaa dukani.

Kwa hiyo usiamini lengo linaloonekana dogo mpaka umuulize mtu anayelifahamu: hili linafanyika wakati gani? Mwulize fundi, mwulize karani, mwulize mama yako.

Sasa lile la 143. Ungedhani lengo lenye nafasi kila Jumamosi litakuwa la kwanza kutimia. Ndilo lililonisumbua kuliko yote. Msalato si mbali, mnada uko kila Jumamosi, nyama zinachomwa hadi moshi wake unaingia kwenye nguo, na mimi nilifika wiki ya 131. Kila Jumamosi nilikuwa nayo nyingine mbele. Malengo ya nafasi nyingi hayafi kwa kukosa nafasi, yanafia kwenye "wiki ijayo". Hayo uyatungie tarehe wewe mwenyewe, tena umhusishe mtu atakayekuja kukugongea mlango.

Na lile la alama ya kuuliza? Nilipoandika orodha mwaka 2022, treni ya umeme ilikuwa bado inajengwa. Lengo likiwa mikononi mwa watu wengine, kama reli, hati ya kiwanja, visa au cheo, weka alama ya kuuliza na uandike kando upande wako tu: hela ya nauli iwe tayari. Treni ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida mpaka Dar ilikuwa 31,000. Mimi na mama, kwenda na kurudi, 124,000. Ilikuwa imekaa pale inasubiri zaidi ya mwaka.

Hatua ya tano: pesa nayo ina misimu

Kila lengo liandikie bei, hata ya kukisia. Jumla itakushtua. Yangu ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ninachoweza kuweka pembeni kwa miaka mitatu, na ndipo nilipopunguza baadhi ya malengo kabla hayajanivunja moyo yenyewe.

Kisha chora mstari wa miezi 12 uweke alama miezi yako mikavu. Mwenye duka karibu na chuo anakauka Agosti mpaka Oktoba. Mama wa gesti mjini anashiba Aprili mpaka Juni, Bunge la bajeti likiwa mjini, anapungua baadaye. Mkulima ana hela Juni na Julai, na Februari anakopa. Mtumishi ana mshahara kila mwezi, lakini kama anafanya kazi zinazogusa bajeti, siku zake 28 za likizo asizitegemee Mei. Weka pia miezi ya kodi ya nyumba, kwa sababu mwenye nyumba anataka sita au kumi na mbili kwa mpigo, na mwezi wa mfungo kama unafunga, ukikumbuka kwamba kila mwaka unarudi nyuma kama siku 11.

Malengo ya hela yaende kwenye miezi ya mvua ya hela. Malengo ya muda, ya miguu na ya kuongea na watu yaende kwenye miezi mikavu. Mimi Agosti na Septemba ndiyo miezi ya vilima, ya kupanga nyaraka, ya kulipa ziara nilizodaiwa, ya kujifunza Kigogo cha kweli. Nilikuwa najua salamu ya "mbukwenyi" tu, halafu nabaki natabasamu. Havigharimu kitu, na mtu asiye na wateja anahitaji kitu cha kumtoa dukani.

Hatua ya sita: pima uzito wa orodha nzima

Gawanya 101 zako kwa uzito. Mgawanyo wangu wa pili, baada ya ule wa kwanza kunielemea, ni huu: 45 ya siku moja au mbili, 40 ya wiki hadi miezi mitatu, 11 yanayozidi hapo, na matano mazito yasiyozidi. Ukiwa na mazito 20, huna orodha ya malengo, una orodha ya lawama.

Zito likatwe vipande, na kila kipande kihesabiwe kama lengo. Kiwanja changu kilikuwa vinne: kwenda kuona maeneo matatu kwa macho, kuuliza ofisi ya ardhi kama kiwanja kimepimwa na ni cha nani, kabla ya kutoa hata shilingi, kufikisha nusu ya bei, kulipa. Viwili vya kwanza vilitimia. Cha pili kiliniokoa, maana kiwanja nilichokipenda zaidi kilikuwa kimeshauzwa kwa mtu mwingine, na dalali alikuwa bado ananipigia.

Hatua ya saba: siku ya ukaguzi

Kila Ijumaa dakika kumi. Natazama tisa za robo hii, naandika moja ya wiki ijayo kwenye karatasi, nabandika kwenye mashine ya fotokopi ambapo siwezi kuikwepa.

Kila baada ya wiki 13, kaa saa mbili nzima, mahali pasipo dukani wala nyumbani. Hapo ndipo unapanga tisa zinazofuata na hapo tu ndipo unaruhusiwa kubadilisha orodha. Ukibadilisha Jumanne usiku umekasirika, utafuta yale magumu ambayo ndiyo uliyoyahitaji. Nilijiwekea mabadiliko kumi kwa kipindi chote, na kila moja niandike sababu yake. Nilitumia manane. Sababu moja inasema tu: "Sitaki tena, na sina haja ya kueleza."

Kuwa mkali kwenye tiki. Ile akiba ya kila Jumatatu niliikosa Jumatatu 22, kwa hiyo kwenye daftari imeandikwa "haikutimia". Kwenye akaunti ilikuwa 605,000. Sikuona sababu ya kudanganya daftari wakati hela ilikuwa inajieleza yenyewe.

Orodha mwonyeshe mtu mmoja. Sio status, sio kikoba kizima. Mimi nilimwonyesha mama, bila kupanga, Februari 2025, mvua ya tatu na ya mwisho. Binti alibaki dukani na mimi nikapanda basi la Mpwapwa wiki wanafunzi wamejaa, nikihesabu hasara njia nzima. Tulichuma asubuhi umande haujakauka, tukaanika juu ya jamvi uani, tukawa tunayageuza na kuyafukuza kuku. Siku ya tatu yakawa yanavunjika yakiguswa, tukayatwanga kwenye kinu chake cha zamani mpaka mikono yangu ya dukani ikatoka malengelenge. Nikatoa daftari nikaweka tiki kwenye 12. Akalichukua, akavaa miwani, akasoma kurasa zote polepole bila kusema neno. Alipofika mwisho akarudi ukurasa wa nne, akaweka kidole kwenye 57, Kolo.

"Hili mbona hujaenda?"

"Nafasi ni nyingi, mama. Siku yoyote tu."

"Ndiyo maana," akasema, akanirudishia daftari.

Siku ya 1002

Funga. Usiongeze wiki mbili za kumalizia, kwa sababu ukiongeza mara moja tarehe ya orodha zote zijazo itakuwa ya utani. Hesabu yaliyotimia, halafu yale yaliyobaki yapitie moja moja ukijiuliza: kama ningeanza leo bila daftari hili, ningeliandika? Kati ya 27 yaliyobaki kwangu, 16 jibu lilikuwa hapana, na nilishangaa nilivyoyaaga bila uchungu. Yaliyobaki 11 niliyahamisha, humo vikiwemo vile vipande viwili vya kiwanja.

Kisha pumzika robo moja bila orodha yoyote. Mimi nilipumzika Aprili mpaka Juni, wanafunzi wakichapa tafiti zao.

Orodha ya pili imeanza Jumanne 1 Julai 2025, nitaifunga Jumanne 28 Machi 2028. Kolo nimeliacha kwenye namba 57 ileile, ila pembeni, badala ya "siku yoyote", pameandikwa Agosti, robo ya kwanza, watu wawili, na jina la atakayekuja kunigongea mlango.